Sweta Iliyobaki Kiti cha Nyuma

Mimi si mtu wa magari ya kuita kwa simu. Simu yangu ni ndogo, ya vibonyezo, na hata ningekuwa na ile ya kupapasa kioo nisingejua nianzie wapi. Aliyekuwa akiniitia gari ni binti yangu, ambaye ameajiriwa kwenye shamba la maua upande wa Naivasha. Yeye yuko huko kwenye maua, anabonyeza simu yake, na gari linakuja kusimama mlangoni kwangu Kiamunyi, hapa Nakuru. Kisha ananitumia ujumbe: rangi ya gari, namba yake, jina la dereva. Mimi natoka na simu mkononi, nasoma namba herufi kwa herufi, naangalia gari, nasoma tena, ndipo naushika mlango. Madereva wengi hawakupenda. Mmoja aliniuliza, "Mathe, unapanda hii gari ama unainunua?"

Nilikuwa na sababu. Mume wangu alipoanza kuugua mifupa, hakuweza tena kukaa kwenye gari la abiria linalorushwarushwa, ndipo binti yetu akaanza kutuitia haya magari ya kutupeleka hospitali na kuturudisha. Na kila mara alikuwa na maagizo. Nikae nyuma. Nisimwambie dereva nyumbani nimemwacha nani. Nikifika nimtumie neno moja tu, "Nimefika," na nisiposema atajua kuna jambo. Nikienda kwenye maombi ya akina mama, huko nako kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Mmoja alijua mtu aliyepuliziwa dawa kwenye gari akaamka Salgaa hana hata viatu. Mwingine alijua dereva ambaye picha yake ya kwenye simu ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Nilikuwa nasikiliza na kutikisa kichwa, na nikirudi nyumbani namsimulia mume wangu. Yeye alikuwa anacheka mpaka anashika ubavu. "Wakuibe wewe wakupeleke wapi?" Lakini alikuwa anacheka akiwa amelala kitandani, na mimi ndiye niliyekuwa natoka kwenda kuangalia namba ya gari.

Nilikuja kujua pia kwamba madereva nao wana woga wao na ujanja wao. Wengine hupiga simu kabla ya kuja, wanauliza, "Unaenda wapi?" Ukiwaambia mahali wasipopapenda, wanasema, "Sawa, niko njiani," halafu hawaji. Wengine wanakuomba ukatize safari kwenye simu muelewane pembeni. Na kulikuwa na mahali ambapo karibu wote hawakutaka kwenda. Dada yangu aliyefiwa kabla yangu ndiye aliyenifundisha. "Usiandike mochari," aliniambia. "Dereva akiona mochari anakatiza. Andika jina la kanisa lililo mbele yake. Mkishafika kanisani, mnamwambia asogee kidogo." Nakuru nzima ya waliofiwa inafanya hivyo. Siku hiyo sikuona kama ni uongo. Niliona ni njia ya kufika.

Mume wangu alikuwa seremala. Alizaliwa Keringet, kwenye shamba la baba yake, na alitoka huko akiwa kijana kwa sababu ya baridi. Hivyo ndivyo alivyokuwa akisema, na mimi naamini. Watu wengine hutoka kwao kutafuta kazi, yeye alikuja Nakuru kutafuta jua. Tulipokuwa tukienda kwao kusalimu, alikuwa anaanza kuvaa sweta tukifika Molo, na haitoki mwilini mpaka tumerudi. Nilimfumia moja ya kijivu, ya sufu nzito, yenye kola ya kukunja. Aliivaa miaka mingi. Ilipochakaa kwenye viwiko nikaifuma upya hapo kwenye viwiko.

Siku moja akiwa wodini, hakuna aliyemuuliza lolote, akasema, "Keringet ni baridi, unajua."

Nikasema najua.

"Wasije wakanivalisha suti ya mtu. Nivalishe ile sweta."

Nikamwambia aache maneno hayo. Akanigeuzia uso, akaniangalia kama anavyoangalia mbao iliyopinda. "Nimekwambia," akasema. Hakulirudia tena, na mimi sikumuuliza tena. Alifariki wiki iliyofuata.

Siku ya kumtoa Nakuru kumpeleka Keringet, nguo zilitakiwa ziwe mochari mapema. Shemeji zangu walitangulia na gari la kubebea jeneza. Mkubwa wao alitaka niwape nguo waende nazo, nikakataa. Kwetu nguo za mume hupelekwa na mke, kwa mkono wake. Nyumbani kulikuwa kumejaa wanawake wanaoosha sufuria na kumenya viazi, na sikutaka kumtoa hata mmoja. Binti yangu alikuwa njiani kutoka Naivasha na wenzake wa kazini. Akasema, "Mama, wewe jitayarishe tu, nakuitia gari nikiwa huku, naandika kanisani."

Nilizipanga nguo kwenye mfuko mkubwa wa plastiki wenye zipu. Chini niliweka shuka jeupe. Juu yake suruali, shati jeupe, fulana mpya, chupi mpya, soksi mpya. Kisha taulo, kipande cha sabuni, pamba, mafuta ya kupaka. Viatu hatukuweka. Juu ya vyote niliweka sweta, nikafunga zipu.

Ujumbe wa binti yangu ulisema gari la rangi ya fedha. Lililokuja lilikuwa jeupe.

Dereva alikuwa mwanaume wa miaka thelathini hivi, mwembamba, na kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Hakuzima gari. Aliteremsha kioo nusu.

"Ni hapa wameitisha gari?"

"Ile ya silva iko wapi?" nikamuuliza.

"Iko gereji. Leo nabeba na hii."

"Na jina lako?"

"Ni lile lile." Alijibu haraka mno. Kisha naye akaniangalia kuanzia leso yangu nyeusi mpaka viatu. "Na wewe, mathe? Kwa simu nimeonyeshwa msichana."

"Huyo ni binti yangu. Ananiitia."

"Kila mtu husema hivyo," akasema.

Nilijaribu kumpigia binti yangu, simu ikawa haiingii. Pale barabarani kutoka Naivasha kuna sehemu mtandao unapotea. Nikiwa bado nimeishika simu, ikalia. Alikuwa shemeji mkubwa. "Shemeji, uko wapi? Huyu mhudumu anangoja nguo, na Keringet wanasema kunanyesha." Nikasema nimeshatoka. Nikafungua mlango nikaingia na mfuko wangu. Hiyo ndiyo siku ya pekee ambayo sikuisoma namba ya gari.

Tulipoanza kwenda, nikataka kuushika mlango vizuri, nikaona kishikio cha ndani hakipo. Palikuwa na shimo tu.

"Usishike hapo," dereva akasema, akiniangalia kwenye kioo. "Huo mlango hufunguliwa kutoka nje."

Sitaficha. Niliogopa. Niliuvuta mfuko nikauweka mapajani, nikaukumbatia kwa mikono miwili, na yeye aliniona nikiukumbatia. Kila nilipoinua macho, macho yake yalikuwa kwenye kile kioo. Yakikutana na yangu, anayatoa.

Tulipokaribia mjini, badala ya kufuata barabara kubwa, alikata kona kupanda Milimani.

"Hii ndiyo njia?"

"Huko chini kuna msongamano, mathe. Nakupitisha juu."

Milimani si mahali pa kuogofya mtu. Ni miti mikubwa, nyua zilizokatwa vizuri na mageti marefu. Lakini asubuhi ile barabara ilikuwa tupu, mageti yote yamefungwa, na mimi nimo ndani ya gari lisilo lile, nyuma ya mlango usiofunguka. Simu yake ikalia. Akaiweka sikioni akashusha sauti, kama mtu anayezungumza kanisani.

"Ndiyo, niko naye... Hapana, si yule wa picha. Ni mathe... Peke yake... Ako na mfuko, ameukumbatia... Sijui. Wacha tufike, nitakwambia."

Nikamuuliza, "Unamwambia nani habari ya mfuko wangu?"

"Ni mwenye gari."

"Kwani hili gari si lako?"

Tukapita mageti kadhaa. Halafu akauliza yeye. "Mathe, kwa huo mfuko kuna nini?"

"Nguo."

"Za nani?"

"Za mume wangu."

"Na yeye ako wapi?"

"Ananingoja."

"Anakungoja kanisani?"

"Karibu na hapo."

"Karibu na hapo wapi? Hapa imeandikwa kanisani."

"Nyuma ya kanisa."

"Nyuma ya kanisa kuna nini?"

Nilijua nikisema mochari atanishusha hapo hapo, na nilijua pia kwamba mtu mwema hawezi kutaka kujua sana habari za mfuko wa mwanamke. Gari lilikuwa limepunguza mwendo. Mbele, kwenye geti moja la kijani, niliwaona walinzi wawili wamesimama nje wakipiga gumzo, mmoja ana rungu. Nikasema, "Simama hapa. Nataka kushuka."

Alisimama ghafla kuliko nilivyotarajia. Akatoka, akazunguka mbio, akanifungulia mlango. Aliuvuta kwa nguvu, hakunitazama usoni. Mimi nikadhani ni hasira.

Nilishuka. Mkoba wangu mdogo ulikuwa umening'inia begani, na mpaka leo siwezi kueleza ilikuwaje, ila nadhani uzito wa ule mkoba ndio ulionidanganya kwamba nimebeba kila kitu. Nilikwenda moja kwa moja kwa wale walinzi. Nilitaka tu waje wasimame karibu na gari, waisome namba, ndipo nirudi ndani nikiwa na watu walioniona. Nikamwonyesha mmoja kwa kidole. "Lile gari," nikasema, na wote wawili wakageuka kulitazama.

Dereva alituona. Alirukia usukani, akaliondoa gari mlango wa nyuma ukiwa bado haujafungwa vizuri. Ulijibamiza kwenye kona.

"Mama, amekuibia?" yule mwenye rungu akauliza.

Hapo ndipo nilipoitazama mikono yangu. Mfuko haukuwepo.

"Umeshika namba?"

"Hapana. Ni jeupe."

"Jeupe!" akamwambia mwenzake. "Nakuru hii gari nyeupe ni kama kuku wa gredi, zote zinafanana. Tutaanza kushika gani?"

Yule mwingine alikuwa mpole zaidi. Aliniletea kiti chao cha plastiki, nikakataa kukaa. Simu ya binti yangu ikaingia wakati huo. Alisema kwenye simu yake anaona safari imekatizwa, na akataka kujua kwa nini sijasema nimefika. Nilipomweleza alipiga kelele kwanza, kisha akasema nisikate, atampigia dereva kwa simu nyingine. Nilimsikia akizungumza. Nilimsikia akiuliza, "Sasa kama si wewe ni nani?" Aliporudi kwangu alikuwa analia.

"Mama, anasema yeye yuko Gilgil anakamua ng'ombe. Anasema leo hajabeba mtu."

"Na lile jina?"

"Jina ni lake. Nilipomuuliza gari lake liko na nani, amenikatia."

Aliandikia pia kampuni yenyewe, wakamjibu hapo hapo kwa maneno mazuri yaliyopangwa vizuri kwamba wanasikitika kwa usumbufu. Kisha hakuna lingine. Basi nikaamini ya akina mama wote wa maombi kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimeibiwa na mtu asiye na jina, kwenye gari lisilo na namba, na alichoiba ni kitu cha pekee ambacho mume wangu aliniomba.

Mlinzi mpole alinisimamishia pikipiki. Nilifika mochari nimeshika mkoba wangu mdogo tu, na shemeji zangu wote wakaniangalia mikono.

"Nguo ziko wapi?" mkubwa akauliza.

"Zimeenda na gari."

"Zimeenda vipi?"

"Nadhani zimeibwa."

"Shemeji, nani anaiba nguo za maiti?"

"Hakujua ni za maiti."

Mhudumu wa mochari alikuwa ametoka nje na aproni yake, glavu mkononi. Hakuwa mkali, ila alikuwa mtu aliyezoea. "Mwili uko tayari," akasema. "Nimeshaosha kwa vifaa vyetu. Mnipe nguo, ama mniambie mnafanyaje. Nina wengine wananingoja."

Shemeji mkubwa alisimama kidogo, halafu akaanza kufungua vifungo vya koti la suti yake. "Avae hili."

Mke wake akamshika kiwiko. Alidhani anasema polepole, lakini sote tulisikia. "Wewe! Hilo umelivaa tangu asubuhi. Nguo yenye jasho lako iende chini?"

"Sasa afanye nini, aende uchi?"

"Kanunueni dukani."

"Mpaka turudi mjini mvua itakuwa imefunga ile barabara ya huko juu. Utasukuma jeneza wewe?"

Nikasema alikuwa ameniambia. Nikasema neno kwa neno alivyosema wodini, kwamba Keringet ni baridi na kwamba hataki suti ya mtu. Shemeji mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho. Yeye na mume wangu walipendana, sitaki kumsema vibaya. Alinishika bega.

"Shemeji, ndugu yangu hasikii baridi tena."

"Najua."

"Basi turuhusu."

Walikuwa wananingoja mimi niseme. Huo ndio ugumu wenyewe. Wangeamua wenyewe ningenuna tu, lakini kwao vilevile neno la mwisho juu ya nguo ni la mjane. Mhudumu alivaa glavu moja. Nikasema, "Haya." Koti lilichukuliwa, na mdogo wao akavua shati alilovaa ndani ya jaketi akalitoa pia. Mhudumu akaingia nazo. Mimi nikaenda kukaa kwenye benchi la saruji karibu na ukuta, nikaangalia chini.

Nilimwona dereva kwa miguu yake kwanza, kwa sababu nilikuwa nimeinamisha kichwa. Alikuwa ameliacha gari nje ya geti. Alikuja akitembea upandeupande, ameubeba mfuko wangu mbali na mwili wake, mkono umenyooka, kama mtu anayebeba jiko lenye moto. Akauweka kwenye benchi kando yangu akarudi nyuma hatua mbili.

"Mathe," akasema. "Ungeniambia tu."

Niliufungua mfuko. Naandika haya kama yalivyokuwa: sikumshukuru. Nilitoa kitu kimoja kimoja nikakipanga kwenye benchi mbele yake. Taulo. Sabuni. Pamba. Niliigeuza sweta ndani nje, nikapitisha mkono kwenye mikono yote miwili. Kisha nikaliangalia shuka.

"Hili shuka limekunjwa vingine."

"Tulifungua. Tukakunja tena."

"Nyinyi nani?"

"Mimi na wenzangu, pale tunaegesha. Sikutaka kufungua nikiwa peke yangu. Tulidhani ni bangi, ama ni kitu umeniwekea ili polisi wanikute nacho." Alivua kofia akajipangusa uso nayo. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani. "Tukaona pamba na sabuni. Soksi mpya, na hakuna viatu. Kuna mzee mmoja pale, akasema hizi ni nguo za mochari, toa hiyo gari hapa, rudisha sasa hivi. Nimeanza na ile mochari ingine huko. Wakanifukuza. Ndio nikakumbuka ulisema nyuma ya kanisa."

Shemeji zangu walikuwa wamekuja kutuzunguka. Mkubwa alikuwa amebaki na shati tu na mikono ameikunja kifuani. "Kwa nini ulitoroka na mama wa watu akiwa chini?"

"Boss, nilimwona akiwaonyesha wale jamaa gari. Mwenzetu aliporwa gari hivyo hivyo. Abiria alikuwa mathe, amevaa hivi hivi, na mfuko. Akasema simama nishuke, akaenda kuongea na vijana."

"Wale walikuwa walinzi."

"Mimi ningejuaje?"

"Na jina unalotumia si lako," nikasema. "Mwenyewe yuko Gilgil anakamua."

Akageuka kuangalia geti kama anayepima umbali. "Akaunti ya kwangu ilifungwa," akasema mwishoni. "Natumia ya mwenye gari. Mkisema kwa kampuni, watamfungia yeye, na mimi atanitoa. Ndio maana sikutaka maswali."

Sijui kama hilo lilikuwa kweli lote. Nimelifikiria mara nyingi tangu wakati huo, na bado sijui. Inawezekana alileta mfuko kwa wema. Inawezekana pia aliuleta kwa sababu hakuna dereva ambaye angekubali kulala na nguo za maiti kwenye gari lake, na kama zingekuwa nguo za mtu mzima wa afya nisingeziona tena. Shemeji mdogo alitaka apelekwe polisi. Mimi nilisema tu, "Mhudumu hajamaliza," nikachukua sweta na suruali na zile nyingine mikononi, nikaenda kugonga mlango.

Mhudumu alifungua kidogo. Aliziangalia nguo, akaniangalia mimi. "Nimeshamvalisha koti."

"Livue."

"Mama..."

"Livue, tafadhali. Hizi ndizo zake."

Akapumua kwa pua, akazichukua. Baada ya muda koti lilitoka mlangoni likiwa limekunjwa juu ya mkono wake, pamoja na lile shati. Shemeji mkubwa alilipokea. Mke wake alilipokonya mkononi mwake kabla hajalivaa, akalitia kwenye mfuko wa karatasi, na akasema atalichemsha. Hakuna aliyecheka siku hiyo, lakini nadhani mume wangu angecheka.

Kisha mhudumu akasema, "Amevaa. Anayetaka kumwona aingie."

Shemeji zangu walisema watamwona nyumbani. Nilisimama. Yule dereva alikuwa bado yupo. Nilidhani ameshaondoka. Alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Mathe, usikasirike," akasema. "Naweza kumwona?"

"Umwone kwa nini? Humjui."

"Nataka nijue ni kweli. Nataka nione kuna mtu."

Shemeji mdogo akasema, "Huyu ana wazimu." Mimi sikuona wazimu. Alikuwa amefungua shuka la watu kwenye maegesho, amezunguka mochari akifukuzwa, na kwa yote hayo alikuwa na neno langu tu, na asubuhi neno langu lilikuwa kwamba naenda kanisani. Ningekuwa yeye ningetaka kuona. Nikamwambia aingie.

Kulikuwa na baridi humo ndani. Mhudumu alikuwa amemlaza vizuri, mikono imenyooka, kola ya sweta imekunjwa kama alivyopenda. Nilisimama upande wa kichwa. Dereva alisimama miguuni, akamtazama muda mrefu. Nilimwona akimtazama usoni, kisha mikononi, kisha kwenye sweta. Akainamisha kichwa.

"Pole, mathe," akasema. Kisha, kama mtu anayetafuta neno jema la kuongeza, "Imemtosha."

Niliitazama. Mabega yalikuwa yameanguka ndani ya ile sufu, na mikono ya sweta ilikuwa imefika kwenye vidole.

"Haimtoshi," nikamwambia. "Ni kubwa. Ni ugonjwa. Alikuwa mtu mnene."

"Huyu?"

"Mnene sana. Ilikuwa inambana hapa." Nikamwonyesha kwenye tumbo langu mwenyewe. "Kila Krismasi nilikuwa nafumua kidogo naiongeza."

Dereva akamtazama tena, kwa makini zaidi, kama anayejaribu kumjaza ndani ya ile sweta. Nikamwambia alikuwa seremala, na kwamba hakupenda baridi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Kwa siku zote hizo watu ndio waliokuwa wakiniambia alivyokuwa, na mimi nilikuwa nawaitikia tu. Mhudumu akasogeza kikombe chake cha chai kutoka dirishani, akaegemea hapo, akasubiri. Nikaendelea kumwambia.